Haramia Aliyeitwa Mara Tatu

Gabbe Wybrens alikuwa haramia kwa miezi kumi na minane, na katika miezi hiyo yote alitapika kila siku, isipokuwa wiki mbili ambazo chombo kilikwama kwenye matope. Huu si uzushi wa maadui zake. Aliyasema mwenyewe, miaka thelathini mfululizo, kwa yeyote aliyemnunulia bia na kwa wengi ambao hawakumnunulia. "Wenzangu walipigana na Waholanzi," alikuwa akisema. "Mimi nilipigana na tumbo langu, na tumbo likashinda."

Kabla ya hapo alikuwa mfugaji kama sisi sote wa Skettum. Alikaa juu ya kilima ambacho mababu walikijaza kwa udongo na samadi ili maji yakija watu wapate pa kusimama. Alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja, mke aitwaye Hiske Jelles, upondo mrefu wa kurukia mitaro, na hatua hamsini za tuta la kuzuia bahari. Shikeni hizo hatua hamsini. Ng'ombe wanapita tu humu.

Kwetu Frisia hakuna shamba bila tuta. Kila mwenye shamba ana kipande chake, na kila mwaka majani yanapoanza kupukutika wakaguzi hupita juu ya tuta wakiita majina. Ukiitwa unaitika "nipo", kwa mdomo wako mwenyewe, si wa mkeo wala wa shemeji yako. Kipande kikiwa na shimo, unaonywa, nao wanarudi baada ya siku chache. Ukaguzi wa pili unaonywa kwa ukali. Ukaguzi wa tatu unaitwa mara tatu, na usipoitika, mkaguzi mkuu anachomeka sepetu kwenye kipande chako, na hapo huna shamba tena. Unaondoka na kile unachoweza kubeba mgongoni. Atakayeing'oa sepetu ile anachukua vyote: shamba, zizi, na lile shimo. Sheria ni ngumu, na sijasikia aliyeilalamikia isipokuwa mwenye shimo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu usipoziba ufa hujengi kitu, unaogelea, na jirani asiye na kosa anaogelea pamoja nawe.

Basi mwaka huo askari wa kukodiwa wa mabwana wa kigeni wakapita Skettum wakiwa na njaa. Walikula ng'ombe saba wa Gabbe, wakachoma nyumba yake, wakajisaidia kisimani, kisha wakaenda zao wakiimba. Nyumba Gabbe aliitazama ikiteketea kwa macho makavu. Aliyemliza ni Blesse, ng'ombe wake mwenye paji jeupe, na alimlilia waziwazi mbele za watu, mikono kichwani. Ilimuuma, na hakuona aibu kwamba ilimuuma.

Jumapili ile, kwenye nyumba ya bia, kila mwanamume aliapa atakwenda baharini kujiunga na waasi, kuteka meli za Waholanzi waliowaleta askari wale. Gabbe naye akaapa. Aliapa kwa sababu wenzake walikwisha kuapa, na kwa sababu bia ya siku ile ilikuwa nzuri. Asubuhi alikuwa amesahau. Kwa bahati mbaya alikuwa ameoa mwanamke mwenye kumbukumbu.

"Bado upo?" Hiske alimuuliza, akiwa anamkamua mmoja wa wale ng'ombe wanne waliobaki.

"Niende wapi?"

"Baharini. Jana uliapa mbele ya kijiji kizima. Uliapa mara mbili, na mara ya pili ulipanda juu ya benchi."

"Mke wangu, ile ilikuwa bia."

"Bia haina mdomo. Juu ya benchi mimi niliuona wako." Gabbe alicheka, Hiske hakucheka. "Nenda, Gabbe. Nyumba yangu pia ndiyo waliyochoma. Ningekuwa mimi ndiye mwenye ndevu ningekwisha kwenda. Ila urudi kabla ya ukaguzi. Ng'ombe nitawakamua, jibini nitatengeneza, lakini tuta linaitwa kwa jina lako."

"Nitarudi."

"Sema vizuri."

"Nitarudi kabla ya ukaguzi, Mungu akipenda."

"Mungu atapenda. Wewe ndiye sina hakika nawe."

Chombo alichopanda kilikuwa cha Feike Doedes, na ndani yake walikuwamo wafugaji kumi na wanne. Baharia alikuwa Feike peke yake, naye maisha yake yote alisafirisha udongo mkavu unaochomwa kama kuni kwenye mifereji ya bara, ambako ukizama unasimama tu. Walikuwa na mashoka, uma za kupakilia nyasi, na bunduki moja iliyoogopwa na wenyewe kuliko adui. Gabbe alibeba upondo wake. Akaulizwa wa nini. Akajibu kwamba mtu hatoki nyumbani bila upondo. Wote wakaona ni jibu la mtu mwenye akili.

Meli ya kwanza waliyoikuta ilikuwa ya Waholanzi, nzito, imetulia kwa kukosa upepo. Feike akasogeza chombo mpaka ukabaki mwanya wa maji kama upana wa mtaro mkubwa, asiweze kusogea zaidi. Wenzake wakaanza kuzozana wafanyeje. Gabbe, ambaye alikuwa ametapika tangu alfajiri na alitaka tu kukanyaga kitu kingine chochote, hakuzozana. Mtaro anaujua. Ameruka mitaro tangu akiwa na miaka mitano. Akarudi nyuma hatua sita, akakimbia, akauchomeka upondo majini kwa nguvu zake zote na kujirusha.

Ndugu zangu, mtaro una chini yake. Bahari nayo inayo, ila mbali kidogo. Upondo ukaenda chini, Gabbe akaufuata, ameukumbatia vilevile, uso umetulia kama mtu anayeshuka ngazi. Waliokuwapo walisema hakupiga hata kelele. Yeye alisema alikuwa bado anangoja upondo ufike chini.

Alipoibuka, Waholanzi walikuwa wote wameegemea upande ule, wanacheka mpaka wanashikana mabega. Wakamtupia kamba, maana hata Mholanzi ana mama. Wakawa wanamvuta, yeye na upondo wake aliokataa kuuachia, na kumi na wawili wenye nguvu zao wanahesabu pamoja moja, mbili, tatu. Wakati huo Feike alizunguka taratibu kwa makasia, na watu wake wakapanda upande wa pili, ambako hakuwako hata paka. Gabbe alipofikishwa juu, meli ilikuwa imetekwa. Hakuna aliyekufa. Shehena ilikuwa mitungi ya haradali. Gabbe akapewa mitungi tisa, na kwa muda wote wa uharamia wake hakupata tena kitu kikubwa kuliko hicho.

Lakini habari ina miguu, na kila inapopita inaota mguu mwingine. Ilipofika Skettum, Gabbe alikuwa ameiruka bahari kwa upondo, ametua katikati ya watu thelathini, na wote wamejisalimisha. Wakampa jina la Gabbe Upondo. Watoto wakawa wanalichezea mchezo. Wasichana wakalitungia wimbo.

Mwaka wa kwanza alitimiza ahadi. Ukaguzi ulipokaribia, watu wote kumi na wanne walimwendea Feike kuomba ruhusa, kila mmoja akikuna kichwa. Feike akawaambia vita havingoji matuta. Kisha akakumbuka kwamba yeye naye ana hatua thelathini kule Makkum. Wakakikwamisha chombo matopeni, wakatawanyika majumbani na sepetu begani, na bahari nzima ikawa shwari kwa wiki mbili. Msishangae. Waholanzi nao walikuwa wamekwenda kwenye matuta yao.

Hiske alikuwa sasa anaishi zizini pamoja na ng'ombe, nyumba bado haijasimama. Humo ndimo Gabbe alimweleza ukweli wa upondo, kwa kuwa hajawahi kuweza kumficha kitu. Hiske alicheka hadi akamshika ng'ombe shingo asianguke.

"Usimwambie mtu," Gabbe alimsihi.

"Nani ataniamini? Wanakuimba." Akafuta machozi. "Na hiyo haradali tuifanyie nini? Mitungi tisa, baba. Tutaipaka ng'ombe?"

Tuta lilikuwa zima, aliitika "nipo", akarudi baharini.

Sasa tufike kwenye ujinga wenyewe, na hapa Gabbe alipokuwa akisimulia aliweka kikombe chini. Mtu akiimbwa mwaka mzima, masikio yanaanza kuamini. Ilipofika mwaka wa pili alikuwa anatembea sitahani ameupanua mwendo. Alikuwa anatapika kwa upande usioonekana. Ukaguzi ulipokaribia na wenzake wakafunga mizigo, Feike akamvuta pembeni.

"Kaka Upondo, kuna meli kubwa inakuja kutoka kaskazini. Kaka yangu ataniitikia kule kwetu, mkaguzi wao ni mpole. Baki nami. Watu wakikuona wewe na huo mti wako, wanainua mikono. Wewe ukiondoka mimi nina nini? Nina wakulima."

Angekuwa na akili angemwuliza "na mimi ni nani?" Hakuuliza. Alifikiria kurudi Skettum mikono mitupu, wasichana wakiimba, naye akiwa na harufu ya haradali. Akaona aibu. Meli moja kubwa tu, alijiambia, kisha nyumba itasimama. Akampa salamu jirani mmoja aliyekuwa anarudi: "Mwambie Hiske nitafika ukaguzi wa pili." Nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini aliyeivaa ndiye wa mwisho kuhisi upepo.

Meli kubwa haikuja. Kilichokuja ni upepo wa kaskazini magharibi, siku tatu, na mawimbi yaliyomfanya Gabbe aombe kifo kwa jina. Ulipotulia walikutana na mvuvi wa Skettum akitengeneza nyavu zake. Gabbe akampungia kwa madaha. Mvuvi hakumpungia.

"Tuta lako limetoboka," mvuvi alisema. "Hatua kumi na tano zimeliwa. Mkeo analiziba peke yake. Ukaguzi wa pili umepita, bwana. Wa tatu ni kesho kutwa."

"Na majirani?"

"Majirani wana mashimo yao. Na Ruurd ananoa macho."

Ruurd Sipkes alikuwa mpakani mwa shamba la Gabbe upande wa mashariki. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye wana wanne wa kiume na shamba la kuwatosha wawili.

Gabbe hakuaga. Alishushwa kwenye matope ya pwani, akakata nchi siku mbili, mtaro baada ya mtaro, na upondo wake. Alikuwa na mkate mgumu na kipande cha jibini, na tumbo lake, sasa limepata nchi kavu, lilimtulia kwa mara ya kwanza tangu ukaguzi wa mwaka uliopita. Yeye ndiye hakutulia. Alijitukana njia nzima. Aliruka mitaro arobaini bila kosa na kuanguka katika wa mwisho, ule wa nyuma ya shamba lake mwenyewe, alioujua kuliko kiganja chake, kwa sababu alikuwa anatazama tuta badala ya maji.

Juu ya tuta watu walikuwa wamekusanyika. Mkaguzi mkuu, mzee Tjalling wa mguu mbovu, alikuwa anaita.

"Gabbe Wybrens."

Hiske alikuwa chini shimoni, matope mpaka kwenye nyusi. "Nipo mimi," alisema.

"Sikukuita wewe, Hiske. Gabbe Wybrens."

Gabbe alikuwa anapambana na ukingo wa mtaro, mdomo umejaa maji ya kijani. Alitaka kuitika, akakohoa. Jina lake likaitwa mara ya tatu, akalisikia vizuri sana. Kisha Tjalling akainama, akachukua sepetu mikononi mwa Hiske, sepetu ya Gabbe mwenyewe, ya mpini wa mwaloni, akaichomeka kwenye tuta.

Aliwafikia akiwa amelowa na anahema. Mkono wake ukaenda kwenye mpini wenyewe bila kuulizwa.

"Usiiguse," Tjalling akasema kwa upole. "Umeitwa, mwanangu. Aliyeitwa haing'oi. Mwingine yeyote anaweza."

Watu wakamtazama Ruurd. Ruurd akatema mate kwenye viganja, akasogea hatua mbili. Kisha akamtazama Gabbe, akautazama upondo, na akasimama.

"Mimi sing'oi kitu mbele ya huyu," akasema. "Nina watoto."

"Nani mwingine?" Tjalling akauliza. Hakuna aliyejitokeza. Wanaume wa Skettum, waliokwisha kumwona Gabbe akianguka mitaroni tangu utotoni, walikuwa wanatazama viatu vyao. Wimbo ulikuwa umewaingia.

Tjalling akageukia bahari. "Maji yanajaa. Isipong'olewa, tuta hili halina mtu, na shimo lile halina mtu. Upepo unarudi. Jioni tutakuwa tunaongea habari nyingine."

Hapo Gabbe alielewa. Angeweza kusimama hivyo hivyo, asiseme neno, na hakuna ambaye angethubutu kumnyang'anya shamba. Lingebaki la hofu, na bahari haiogopi mtu. Alimtazama Hiske. Hiske hakumpa msaada hata wa kope.

Akauweka upondo chini.

"Jirani Ruurd," alisema, "nisikilize, nanyi nyote. Sikuruka bahari. Nilizama. Nilichomeka mti kwenye bahari nikidhani ni mtaro, nikaenda nao mpaka chini. Waholanzi walinivua kama gunia la jibini, na walipokuwa wanahangaika nami ndipo Feike akapanda kwa nyuma. Sijampiga mtu. Nilimrushia mtu mtungi mara moja, nikamkosa. Ninatapika kila siku. Sasa hivi nimeanguka kwenye mtaro wangu mwenyewe, mmeniona. Ing'oe, jirani. Ninakuomba. Ing'oe kabla maji hayajafika kwa watoto wako."

Kisha mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akaguna, na kicheko kikapita juu ya tuta lote, hadi mzee Tjalling akashika mguu wake mbovu. Gabbe alisimama katikati yake, anatiririka maji ya mtaro. Alisema baadaye kwamba aibu ile ilikuwa nzito, lakini mwili ulikuwa mwepesi, kwa mara ya kwanza tangu apande lile benchi.

Ruurd alipangusa macho na kunyoosha mkono. Mkono mwingine ulikuwa umetangulia. Hiske alikuwa amepanda kutoka shimoni wakati wao wanacheka, na akaing'oa sepetu kwa mkupuo mmoja, udongo ukamrukia Ruurd usoni.

"Mwanamke?" Ruurd akasema.

"Sheria inauliza mikono, haiulizi ndevu," Tjalling akajibu. "Hiske Jelles, shimo hili ni lako?"

"Ni langu. Nimeziba hatua tisa. Sita nitaziba kabla ya maji."

"Na shamba ni lako."

"Nimesikia."

Akamgeukia mumewe, akamtazama kuanzia juu hadi chini, kama mtu anayekagua ng'ombe wa mnada.

"Wewe. Unatafuta kazi?"

"Natafuta," Gabbe akasema.

"Unajua kuchimba?"

"Kuliko uharamia."

"Basi leta udongo. Na huo mti uuache hapo ulipo, usije ukazama nao tena."

Wakachimba. Ruurd naye, baada ya kujipangusa, alileta mkokoteni na wanawe wote wanne. Maji yalipofika yalikuta hatua hamsini kamili.

Tangu siku hiyo Gabbe akawa kibarua katika shamba la mkewe, na ndivyo alivyojitambulisha kwa wageni: haramia pekee wa Frisia aliyetekwa nyara na mke wake. Feike na chombo chake walizamishwa mwaka uliofuata, na wote waliokuwamo. Hilo Gabbe alipolitaja hakulitia mzaha, na wala hatukuutia sisi. Upondo ukawa nguzo ya zizi. Haradali waliimaliza mwaka wa sita.

Miaka thelathini, kila ukaguzi, jina lililoitwa hapo lilikuwa Hiske Jelles. Naye aliitika "nipo", na Gabbe alisimama nyuma yake na sepetu, kimya. Majira ya baridi ya mwisho Hiske aliugua kifua. Alipoona hali imekuwa mbaya, alimwita karibu.

"Wakiliita jina langu," alimwambia, "usichelewe."

"Sitachelewa."

"Sema vizuri."

"Nitakuwapo kabla hawajafumbua mdomo, mama."

Alizikwa nyuma ya tuta. Mwaka huo mkaguzi mkuu alikuwa Ruurd Sipkes, mzee wa fimbo sasa, na daftari lilikuwa bado halijabadilishwa. Walipofika kwenye hatua hamsini, nyasi zake zimekatwa zote kimo kimoja, Ruurd akasoma kilichoandikwa.

"Hiske Jelles."

"Nipo," Gabbe akasema.

Kuna jibu la kisheria kwa anayeitikia jina lisilo lake, na sote tuliokuwa pale tulilijua, na Ruurd alilijua kuliko sisi. Alilitazama tuta kuanzia mwanzo hadi mwisho, akamtazama mzee yule na sepetu yake ya mwaloni. Kisha akageuza ukurasa na kuita jina lililofuata.